Masihi wa Wayahudi: Mbona Bado Wanamngoja?

Haya, karibuni tena. Leo nipo Crown Heights, Brooklyn, natembea kwenye barabara ya Eastern Parkway, kwa hiyo mkisikia ving'ora mnisamehe, huku haviishi. Mnaziona hizo bendera za njano zenye taji la buluu pale madirishani? Maandishi ni ya Kiebrania: Masihi. Na yule mzee mwenye ndevu nyeupe aliyebandikwa kila ukuta ni Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa jumuiya ya Kiyahudi ya Chabad, aliyefariki Juni 1994. Nitamrudia.

Tangu nianze kuwaonyesha mtaa huu, swali ni lile lile. Hawa watu wana Isaya, wana Zaburi, wana Daudi, sasa wanangoja nini tena? Mama yangu mdogo kule Moshi aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, ni ukaidi tu au?" Mama mdogo, shikamoo, jibu lako hili hapa. Mimi si Myahudi. Ninachosema nimekisoma, na kingine nimeulizia kwa majirani.

Kwanza manabii, maana hapo ndipo tunapopishana nao mapema. Siku hizi kwetu ukisema nabii, mtu anawaza bango barabarani, chupa ya maji ya upako, na sauti inayokuambia mwaka huu hauishi hujanunua gari. Nabii wa Wayahudi hana biashara hiyo. Kazi yake kubwa ni kukemea, tena anawakemea watu wake mwenyewe. Nathani anamsimamia mfalme Daudi uso kwa uso kwa habari ya mke wa Uria. Amosi, mfugaji wa Tekoa, anawafokea wanaomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Yona anatangaza siku 40 Ninawi itaangamia, watu wanatubu, mji unapona. Kwa hesabu zetu za mtaani huyo ametabiri uongo. Kwa Wayahudi huyo amefaulu, na kitabu chake kinasomwa sinagogi mchana wa Yom Kippur, siku yao kuu ya kufunga na kutubu.

Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, inahesabu manabii wanaume 48 na wanawake 7: Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Juu ya wote ni Musa, na hakuna atakayefika daraja lake. Wasabato wangu, sasa shikeni kiti vizuri: Danieli hamo. Wayahudi wanamheshimu sana, lakini kitabu chake hakiko kwenye fungu la Manabii. Kimewekwa kwenye Maandiko, pamoja na Zaburi na Ruthu. Talmudi inasema wazi kwamba Hagai, Zekaria na Malaki walikuwa manabii, yeye hakuwa.

Na baada ya hao watatu, unabii ukakoma. Kuna rabi wa kale, Yohanan, alisema tangu Hekalu libomolewe, unabii umenyang'anywa manabii wakapewa wapumbavu na watoto. Mimi hiyo niliicheka peke yangu kwenye treni, maana nilimkumbuka mtu fulani mwenye bango.

Sasa Masihi. Mtu aliyewekea jambo hili vipimo ni Maimonides, Wayahudi humwita Rambam. Alizaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138, akafa Misri mwaka 1204, na huko Misri alikuwa tabibu wa vigogo enzi za Sultani Salahuddin. Anasema msidhani Masihi lazima afanye miujiza au afufue wafu. Ni binadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, msomi wa Torati. Akiinuka, akawarudisha Israeli kwenye sheria, akapigana vita vya Mungu, basi inaruhusiwa kudhani kwamba ndiye. Kudhani tu! Akilijenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya Waisraeli waliotawanyika, hapo ndipo inakuwa hakika. Asipofaulu, au akiuawa, ijulikane siye, na hesabu inaendelea. Ni kama fundi: humwiti hodari kwa maneno yake, unasubiri nyumba isimame.

Kwa hiyo mama mdogo, kwao swali "je, unamwamini?" linakuja nyuma sana. La kwanza ni: kazi imekwisha? Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, halijajengwa. Mataifa bado yanapigana. Hapo ndipo wanapomwacha Yesu. Sisi Wakristo tunajibu kwamba atarudi kumalizia. Wao wanasema maandiko yao hayakupanga safari mbili. Wala hawamtafuti mtu wa kufa kwa ajili ya dhambi, maana dhambi kwao hufutwa kwa toba. Na Isaya 53, mtumishi anayeteswa? Rashi, mfasiri wao mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, alisema huyo ni taifa la Israeli lenyewe. Mnaweza kubishana hapo mpaka asubuhi.

Kipimo hicho hakikutungwa kwa ajili ya Yesu peke yake, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi, aliwapiga Warumi kuanzia mwaka 132, na Rabi Akiva, mmoja wa wakubwa kabisa katika historia yao, akasema ndiye. Mwaka 135 akauawa. Basi, siye. Na kosa lile la Akiva ndilo mfano ambao Rambam anautumia.

Halafu mwaka 1665 akatokea Shabbetai Zvi, mtu wa Izmir, akipigiwa debe na kijana wa Gaza aitwaye Nathan. Habari zikafika Amsterdam, zikafika Yemen. Watu waliuza mali, wakafunga mizigo kungojea safari ya kurudi nchi takatifu. Mwaka 1666 akapelekwa mbele ya Sultani wa Waturuki, akapewa achague: asilimu au auawe. Akavaa kilemba. Hebu fikirieni yule aliyekwisha kuuza nyumba. Nadhani jeraha lile ndilo linalowafanya mpaka leo wamwangalie kwa jicho la pembeni yeyote mwenye haraka. Ingawa onyo ni la zamani zaidi: Talmudi inawalaani wanaopiga hesabu za siku ya mwisho, mifupa yao ivunjike.

Ndio maana bendera hizi zina ugomvi. Wapo wafuasi wa Rabi Schneerson wanaosema yeye ndiye, na wengine kati yao wanabisha kwamba Rambam alisema "akiuawa", na huyu hakuuawa, aliugua. Wapo wengine wa jumuiya hiyo hiyo ya Chabad wasiotaka hata kuziona. Na Wayahudi wengi wa nje ya mtaa huu wanatikisa kichwa tu. Wale wa mrengo wa Reform, yaani Wayahudi wa mageuzi, waliachana na habari ya mtu mmoja tangu mkutano wao wa Pittsburgh mwaka 1885, wakasema wanatazamia zama za haki na amani.

Waislamu wangu wa Tanga na Mombasa, najua mnasubiri zamu yenu. Kuna fundisho la Rabi Yohanan ben Zakkai: ukiwa umeshika mche mkononi, ukaambiwa Masihi amefika, panda kwanza mche, kisha nenda ukampokee. Nanyi mnayo hadithi ya Mtume kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza aupande. Nilipomsomea jirani yangu hiyo hadithi, akaniomba niirudie.

Na Rambam huyo huyo, mkali namna ile, aliandika jambo ambalo wachapaji wa Ulaya walilikata kwa muda mrefu kwa kuogopa kanisa. Alisema Yesu na Muhammad, wote wawili, wametengeneza njia kwa ajili ya Masihi atakayekuja, kwa sababu kupitia wao habari za Torati na amri zimefika mpaka visiwa vya mbali. Mkristo hataridhika, Muislamu hataridhika, maana bado anasema wote wawili siyo. Lakini pia hataki mbadili dini. Kwao, asiye Myahudi akishika zile amri saba za Nuhu, asiue, asiibe, asiabudu sanamu na nyinginezo, ana fungu lake katika ulimwengu ujao.

Kuna Waafrika wenzetu walioshika dini hii kabisa, Abayudaya wa Mbale, Uganda, tangu enzi za kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919. Hao nawaandalia video yao. Mama mdogo, nikifika nyumbani nakupigia.