Navrang wa Paisa 25

Asanteni, mwenyekiti na wanachama wenzangu. Mwaka 1975 posta ya India ilitoa stempu nne za ndege. Ile ya bei ya chini, paisa 25 (paisa mia ni rupia moja), ina ndege mdogo wa msituni, pita wa India, ambaye kwa Kihindi huitwa navrang, yaani rangi tisa. Rupia 2 alipewa kwale-milima wa Himalaya anayeitwa monal. Mimi ningewabadilishia bei, lakini hapo msiniamini sana, huyu navrang nampenda mno.

Hebu mtazameni. Mgongo kijani, begani buluu inayong'aa, koo jeupe, utepe mweusi umepita jichoni, na chini ya mkia wekundu mkali. Mkia wenyewe mfupi, utadhani umekatwa kwa mkasi. Kwenye stempu kila rangi iko wazi. Msituni sivyo. Huyu hushinda chini, akipekua majani makavu kutafuta wadudu na minyoo, na anayemtazama kutoka juu huambulia ule mgongo wa kijani tu.

Ndiyo maana watu humjua kwa sauti. Watamil, watu wa kusini mwa India na Sri Lanka, humwita ndege wa saa kumi na mbili, maana hupiga mluzi wake alfajiri na magharibi, sauti mbili tu, kichwa amekirudisha nyuma. Wataalamu watanikatiza hapa: pita si ndege mwimbaji hasa. Kweli. Ndege waimbaji hasa hujifunza nyimbo kwa wakubwa wao. Jamii ya pita kwa kawaida huzaliwa nayo sauti yake. Mimi nikiusikia ule mluzi siulizi cheti.

Wakati wa masika ya India, Juni hadi Agosti, huzaliana kwenye vilima vya chini ya Himalaya na India ya kati. Baadaye huteremka kusini mpaka Sri Lanka. Husafiri usiku, na mara nyingine huokotwa ndani ya nyumba za watu, hoi kwa uchovu.

Afrika tuna pita wawili tu, na mmoja wao hufika misitu yetu ya pwani ya Kenya, Gede ikiwemo. Naye husafiri usiku na huvutwa na taa. Ukimwokota barazani usimlazimishe kula. Mtie kwenye boksi lenye matundu, lifunike, na kukipambazuka kamwachie penye miti. Na paka mfungie ndani kwanza.