Mothership: chombo cha George Clinton ndani ya makumbusho

MWANAIDI: Mimi naanza na ubishi, Tito. Chombo kilichopo makumbusho kule Washington sicho kilichotua New Orleans mwaka 1976.

TITO: Dada, si uwasalimie watu kwanza!

MWANAIDI: Karibuni, wapendwa. Sicho.

TITO: (anacheka) Haya. Kwa asiyejua, tunamzungumzia George Clinton, kiongozi wa Parliament-Funkadelic, kundi la muziki wa funk la Marekani, na Mothership, chombo cha anga kilichokuwa kikishuka jukwaani katikati ya moshi na taa. Halafu Clinton anatokea ndani yake, ameshakuwa Dr. Funkenstein, mhusika wake wa jukwaani.

MWANAIDI: Tena hakiji ghafla. Kwanza kinapita kidogo juu ya vichwa vya watazamaji, kimening'inizwa kwa waya. Glenn Goins, mwimbaji wa kundi, anakiita kwa sauti ile yake, akiazima maneno ya wimbo wa kiroho wa enzi za utumwa, ule wa gari linaloshuka kuwachukua watu kuwapeleka nyumbani. Hapo ndipo kikubwa kinashuka.

TITO: Hapo huwa nasisimka. Wazee waliimba gari lije. Huyu bwana akalileta, tena na taa zake. Mbunifu alikuwa Jules Fisher, fundi wa taa wa Broadway, na fedha zikatoka Casablanca Records, kampuni iliyotoa rekodi zao.

MWANAIDI: Ndiyo kampuni ya bendi ya rock ya KISS hiyo. Jukwaa la gharama namna ile lilikuwa mambo ya bendi za rock. Kundi la funk kulipata halikuwa jambo dogo. Ila New Orleans, kwenye onyesho la kwanza, walikishusha mapema mno. Sasa baada ya chombo cha anga kutua, utawaonyesha watu nini tena?

TITO: Unawaaga tu! (wanacheka) Baadaye wakakisogeza mwishoni.

MWANAIDI: Sasa turudi kwenye hoja yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madeni yakawaelemea, na kile cha kwanza kikaishia jalalani huko Prince George's, Maryland. Ni jirani kabisa na Washington! Kilichopo makumbusho kiliundwa miaka ya 1990. Smithsonian, wenye makumbusho hayo, walikichukua Tallahassee, Florida, mwaka 2011, kikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa.

TITO: Sawa, lakini na hicho kilifanya kazi. Clinton mwenyewe alikitumia jukwaani, mbele ya watu waliolipa. Ingekuwa sanamu iliyochongwa kwa ajili ya maonyesho, ningekuunga mkono.

MWANAIDI: Hapo umenibana kidogo. Na makumbusho yenyewe hayafichi. Yanasema wazi ni cha miaka ya 1990.

TITO: Mimi kinachonikera ni kingine. Kifaa cha jukwaani kikisimama kimya, nusu yake haipo. Ile ni alumini, taa na ngazi. Gitaa ukiliona kwenye kioo, unaweza kulisikia kichwani. Hiki bila moshi, bila watu wanaopiga kelele…

MWANAIDI: Kinafanana na mtambo wa kiwanda.

TITO: Umesema wewe!

MWANAIDI: Basi ushauri wangu kwa atakayekwenda: atafute kwanza picha za onyesho la Houston, Oktoba 31, 1976. Lilirekodiwa. Alitazame lote, asirukeruke, ndipo apande ghorofa ya nne, kwenye maonyesho ya muziki.

TITO: Na akishafika huko, asipite bila kuiona Cadillac nyekundu ya Chuck Berry.