Kufuta miito ya brelse isiyo na kazi

Karibuni. Leo tunakaa na fanksheni moja tu ya kerneli ya Linux, brelse, inayoachilia bafa msimbo ukimaliza kuitumia. Ukiizoea, fanksheni nyingine za kuachilia, kama kfree na iput, hazitakupa taabu.

Msimbo wa mfumo wa mafaili huita sb_bread kusoma bloku ya diski. Inarudisha pointa ya bafa (nakala ya bloku kwenye kumbukumbu), ambayo hapa tunaiita bh. Kihesabu cha wanaoishika bafa, b_count, huwa kimepandishwa kwa 1, na brelse hukishusha. Usomaji ukishindikana unapata NULL (pointa isiyoelekeza popote), na brelse ikipewa NULL inarudi bila kugusa chochote, kwani ukaguzi umo ndani yake. Basi `if (bh) brelse(bh);` inakagua mara mbili: ondoa ile if. Ila __brelse, yenye alama mbili za mstari wa chini (_) mwanzoni mwa jina, haina ukaguzi huo. If yake iacheni.

Tazameni hapa:

bh = sb_bread(sb, n);
if (!bh) {
    brelse(bh);
    return -EIO;
}

Mwito huo umekufa, ufuteni. Kasi hamtaiona, maana njia hii hupitwa usomaji ukishindikana tu. Anayenufaika ni msomaji: akiona brelse anadhani kuna bafa iliyoshikwa.

Kazi iko kwenye goto, amri ya kurukia lebo fulani ndani ya fanksheni. Lebo moja ya makosa yaweza kufikiwa kutoka sehemu 4. Katika 3 bh ni NULL, katika ya 4 imeshikwa. Fuateni kila goto kinyumenyume hadi pale bh ilipopewa thamani mara ya mwisho. Kwenye lupu msiharakishe: huenda bado imebeba bafa ya mzunguko uliopita.

Ukifuta brelse iliyohitajika, b_count haishuki hadi 0, bafa haiachiliwi, na ukurasa wake unabaki kwenye kumbukumbu. Kmemleak, kifaa cha kerneli cha kutafuta kumbukumbu iliyovuja, inaweza kukaa kimya, kwa sababu ukurasa bado unaielekeza bafa. Ukiita mara mbili, kerneli hulalamika: "VFS: brelse: Trying to free free buffer". Hapo una bahati. Kama kuna mwingine aliyeshika bafa ileile, hakuna onyo. Umeshusha hesabu yake, na hitilafu itajitokeza kwake, mbali na msimbo wako.

Coccinelle, programu ya kutafuta ruwaza kwenye msimbo wa C, itawatafutia mahali pa kutazama, haitawathibitishia. Mkiendesha xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya mafaili, tumieni dm-error, diski ya kuigiza inayorudisha makosa, ili usomaji ushindwe kweli. Majaribio ya kawaida hayapiti njia hizi. Na maelezo ya kiraka (patch) yaseme kwa nini bh haiwezi kuwa kitu kingine pale ila NULL.