Wageni Wenye Njaa: Kuandaa Ubingwa wa Kimataifa wa Kutunisha Misuli

MWANAIDI: Haya, karibuni tena kipindini. Mimi ni Mwanaidi, na kaka Kheri yupo hapa. Leo tunaongelea uenyeji. Tuseme shirikisho lenu la kutunisha misuli limepewa ubingwa wa kimataifa, na timu za taifa zinakuja kutoka kila upande. Mtu atasema kuna shida gani hapo? Jukwaa, taa, muziki, vikombe, basi.

KHERI: Hayo ndiyo mepesi, dada. Jukwaa unakodi, vikombe unaagiza. Waandaaji wengi hukwama kwa sababu wanasahau ni nani anayekuja. Timu ya mpira ikifika imeshiba na imelala. Mtunisha misuli anaposhuka kwenye ndege siku mbili tatu kabla ya shindano, kwa macho anatisha, lakini ndani hana kitu. Wiki nyingi amekula kwa kupima, mafuta ya mwili yamekwisha, na wengine wameshaanza kubana maji. Siku anayoonekana na nguvu kuliko watu wote ndiyo siku anayoweza kuanguka kwa kupanda ngazi.

MWANAIDI: Ngazi?

KHERI: Ngazi hasa! Hoteli ikisema lifti iko kwenye matengenezo, hiyo hoteli acha. Nimewahi kufanya kazi nyuma ya jukwaa kwenye mashindano ambayo chumba cha kujiandalia kilikuwa ghorofa ya juu na jukwaa liko chini. Vijana wa kilo 100 walikuwa wanashuka huku wameshika ukuta. Ukiuliza mbona mnatembea kama wazee, wanakujibu mapaja hayana kitu.

MWANAIDI: Basi tuanze pale wanapofika. Hapana, tuanze kabla. Viza.

KHERI: Viza ndiyo inayoua mashindano kabla hayajazaliwa. Shirikisho la kila nchi linatuma fomu ya mwisho ya washiriki: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, nani mwanamichezo, nani kocha, nani jaji. Mwenyeji anatoa barua ya mwaliko kwa kila jina. Herufi moja ikikosewa, mtu anabaki kwao. Halafu kuna nchi ambazo serikali yako haielewani nazo. Hilo limalizwe na wizara kabla hujasaini mkataba, kwa sababu ukishachukua uenyeji huwezi kuchagua wageni. Wakifungiwa mlango timu mbili, shirikisho la kimataifa linakuja juu, na mwakani hawakupi tena.

MWANAIDI: Na gharama? Maana watu wanadhani mwenyeji analipa kila kitu.

KHERI: Kwa kawaida nauli ya ndege ni ya timu yenyewe. Mwenyeji anabeba viongozi na majaji, na kwa timu mkataba husema ni watu wangapi watalazwa na kulishwa na kwa usiku mingapi. Wanaozidi hapo wanajilipia. Ugomvi wa mapokezi karibu wote huanzia hapo. Mkuu wa msafara amekuja na watu 14, mkataba unataja 8, na karani wa hoteli hajui lolote. Mtu mmoja wa kamati akae pale mapokezi na orodha mkononi, usiku na mchana.

MWANAIDI: Haya, wameingia vyumbani. Nimesikia hoteli zinawaogopa hawa watu.

KHERI: Kwa sababu ya rangi! Huyu mwanamichezo anapakwa rangi ya kahawia iliyokolea, tabaka juu ya tabaka, ili misuli isimezwe na taa. Analala nayo. Asubuhi shuka lote limechafuka, taulo limechafuka, kiti cha bafuni nacho hivyo hivyo, na ukutani kuna alama ya mkono. Hoteli inaandika faini, timu inakataa kulipa, unaitwa wewe. Dawa yake ni ndogo: kubaliana na hoteli mapema watandike mashuka ya rangi nzito, na timu zije na mashuka yao wenyewe. Viti vya basi navyo vifunikwe kwa nailoni.

MWANAIDI: Na jikoni je?

KHERI: Jikoni ndipo mpishi mkuu anapokuchukia. Watu hawa wanakula mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo, na wengi hawataki chumvi kabisa. Wali mweupe, kifua cha kuku, samaki mweupe, viazi, mayai. Bila mchuzi. Mpishi anaona ametukanwa. Tena wanataka mizani ya jikoni mezani, wapime gramu. Kwa hiyo usiwawekee saa ya chakula cha mchana ya kuanzia saa saba hadi saa nane. Waachie meza wazi toka asubuhi hadi usiku. Na kila chumba kiwe na jokofu.

MWANAIDI: Mimi hapo ningeongeza jambo la wanawake, kwa sababu waandaaji huwa wanalichukulia kama la ziada. Kuna madaraja yao mengi sasa: bikini, umbo la misuli la wanawake (physique), na mengineyo. Sare zao zinakaguliwa, na mkaguzi awe mwanamke. Chumba chao cha kubadilishia kiwe chao peke yao, na mlangoni asimame mtu asiyeruhusu mpiga picha hata awe na kitambulisho cha dhahabu. Nimeona picha za nyuma ya jukwaa mitandaoni ambazo mwenyewe hakuulizwa. Hiyo ni aibu ya mwenyeji, si ya mpiga picha peke yake.

KHERI: Kweli kabisa.

MWANAIDI: Turudi kwenye mizani, kubwa sasa. Usajili na kupima uzito.

KHERI: Hapo ndipo roho zinapokuwa mkononi. Tuchukue utaratibu wa IFBB, shirikisho la kimataifa la kutunisha misuli lililoanzishwa mwaka 1946 na ndugu Ben na Joe Weider kule Montreal. Utunishaji misuli wa wanaume unagawanywa kwa uzito. Madaraja ya klasiki yanaangalia urefu na uzito pamoja: unachukua urefu wa mtu kwa sentimita, unatoa 100, kisha unamwongezea kilo kadhaa kulingana na kundi lake la urefu. Mtu wa sentimita 175 anaanzia kilo 75, halafu anapata nyongeza yake. Akizidi hapo, daraja hilo hana.

MWANAIDI: Kwa hiyo nusu kilo inaweza kumtoa mtu aliyesafiri bara zima.

KHERI: Nusu kilo inamtoa. Ndiyo maana mwenyeji mwenye akili anaweka mizani mbili. Moja rasmi, na nyingine ya majaribio hotelini, iliyolinganishwa na ile rasmi, ambayo kila mtu anaruhusiwa kupanda tangu siku anayofika. Usipoweka ya majaribio, utawakuta kwenye korido wamevaa masweta matatu wanakimbia, kwa sababu kila mmoja anaamini mizani yako ina hila. Na usajili uende nchi kwa nchi, kwa saa iliyotangazwa. Usiwaite wote saa nne asubuhi. Wakimaliza kupima ndipo wengi wanaanza kula vizuri, kwa hiyo kila saa unayowachelewesha unawanyima chakula.

MWANAIDI: Sasa siku yenyewe. Nyuma ya jukwaa kunatakiwa nini?

KHERI: Nafasi na joto la kadiri. Kukiwa na baridi, mishipa inajificha. Kukiwa na joto, jasho linaivua rangi, na rangi ikitiririka mtu anakuwa na michirizi kama ukuta uliolowa. Kanuni za IFBB zinakataa rangi inayotoka kwa kufutwa tu, na msimamizi anaweza kumrudisha mtu kabla hajapanda. Kuwe na vyuma vya kupashia misuli, dambeli, kamba za mpira, mabenchi. Sakafuni nailoni. Na spika inayosikika huko nyuma, maana mtu anatakiwa asikie daraja lake linaitwa.

MWANAIDI: Kuchelewa je? Sisi watu wa ratiba za mdomoni...

KHERI: Hapo sitanii. Kuchelewa ndiyo dhambi kubwa kuliko zote. Mwanamichezo anapasha misuli dakika chache kabla ya kupanda, damu ijae, mwili ufunguke. Ukimwambia subiri, mgeni rasmi hajafika, ule mpasho unakufa. Anarudia. Hana sukari mwilini, hana maji, anarudia tena. Akija kusimama mbele ya majaji, kwenye pozi la tumbo na paja, paja linamkakamaa na anatabasamu huku machozi yanamlengalenga. Nimeyaona hayo kwa sababu ya hotuba. Hotuba ziwe jioni kwenye fainali, zisiguse mchujo wa asubuhi.

MWANAIDI: Mgeni rasmi atusamehe.

KHERI: Atakuta mapozi bado yapo.

MWANAIDI: Taa sasa. Mwaka jana ulinikatalia ukumbi mzuri kwa sababu ya taa.

KHERI: Ulikuwa ukumbi wa tamasha la muziki. Taa za rangi, moshi, mwanga unazunguka. Hapa unataka mwanga mweupe, utoke juu na mbele, usawa toka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mwanga wa juu ndio unaochora mikato ya misuli. Ukija wa mbele peke yake, mwili wote unakuwa bapa. Na kama katikati kunang'aa kuliko pembeni, aliyesimama pembeni ameshaonewa kabla hajapozi. Ndiyo maana jaji mkuu anawaita watu katikati na kuwabadilisha nafasi wakati wa kulinganisha.

MWANAIDI: Na majaji wenyewe? Kila mwaka kilio ni kimoja, mwenyeji kapendelewa.

KHERI: Hesabu inasaidia kidogo. Jopo kamili ni majaji 9 wa nchi mbalimbali, na kila mmoja anampa mwanamichezo nafasi: 1, 2, 3 na kuendelea. Tuseme mtu kapewa 1, 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 4. Zile mbili za chini kabisa zinatolewa na mbili za juu kabisa zinatolewa. Zinabaki 1, 2, 2, 2 na 3, jumla 10. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwa hiyo jaji mmoja akimpa kijana wa nyumbani nafasi ya kwanza kwa mapenzi, namba yake ina hatari ya kutupwa. Hesabu inashindwa pale majaji wanapokubaliana mezani wakati wa chakula. Walaze ghorofa tofauti na timu.

MWANAIDI: Hivi unajua shindano la kutunisha misuli la mwaka 1901 alilolifanya Eugen Sandow kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, majaji walikuwa mchongaji wa sanamu, Charles Lawes, na daktari Arthur Conan Doyle, pamoja na Sandow mwenyewe?

KHERI: Mchongaji na daktari. Si jopo baya. Mimi leo ningemhitaji yule daktari zaidi.

MWANAIDI: Kwa nini?

KHERI: Kwa sababu watu wamekufa kwenye mchezo huu. Mohammed Benaziza alifariki Oktoba 1992 huko Uholanzi, saa chache baada ya kushuka jukwaani. Dawa za kukojosha zinaondoa maji ili ngozi ikamate misuli, lakini zinavuruga potasiamu, na potasiamu ikivurugika moyo unasimama. Hizo dawa zimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Mwenyeji asilete daktari wa kufunga bandeji. Amlete anayejua moyo na upungufu wa maji, akae nyuma ya jukwaa pale pale, na gari la wagonjwa liwe limegeuzwa tayari kutoka.

MWANAIDI: Umetaja WADA. Nikuulize bila kupepesa: upimaji kwenye mchezo huu si maigizo?

KHERI: Maigizo ni pale mwenyeji anapotenga chumba kimoja bila choo na kusema tumepima. Maabara zenye ithibati ya WADA ni takribani 30 tu duniani kote, kwa hiyo sampuli yako huenda ikapanda ndege. Hiyo ni fedha, na ndiyo bajeti ya kwanza inayokatwa. Mimi nasema kata fataki kwanza.

MWANAIDI: Na huyu mtu hana maji mwilini, anapimwa mkojo vipi?

KHERI: Hapo ndipo usiku unapokuwa mrefu. Anayepimwa anafuatwa na msindikizaji toka anaposhuka jukwaani. Inatakiwa angalau mililita 90, zigawanywe chupa A na chupa B, huku shahidi wa jinsia yake anaangalia. Mtu aliyekaushwa anaweza kukaa masaa. Akinywa maji kupita kiasi, mkojo unakuwa mwepesi mno na anaambiwa atoe tena. Wenzake wako kwenye karamu ya kuagana, bingwa wa dunia yuko kwenye benchi na chupa ya maji iliyofungwa rasmi. Kwa hiyo basi la mwisho lisiondoke. Weka gari na dereva wa kumngoja huyo mmoja, na sahani yake ifunikwe.

MWANAIDI: Tumesahau nyimbo za taifa.

KHERI: Usisahau! Mwaka 2012 huko Kuwait, kwenye mashindano ya kulenga shabaha, Mkazakistani kachukua dhahabu, wakapiga wimbo wa mzaha uliotoka kwenye filamu ya vichekesho. Mwaka huo huo kwenye soka ya Olimpiki ya London, mechi iliyochezwa mjini Glasgow, wachezaji wa Korea Kaskazini walitambulishwa kwa bendera ya Korea Kusini, wakatoka uwanjani, na mechi ikachelewa zaidi ya saa moja.

MWANAIDI: Kijana wa sauti kauchukua wimbo mtandaoni tu.

KHERI: Ndivyo. Dawa ni kikao cha ufundi. Kila mkuu wa msafara avae vifaa vya masikioni, asikilize wimbo wake mwanzo hadi mwisho, aitazame bendera yake, atie saini. Muziki wa mapozi nao ukusanywe hapo hapo, kila faili na namba ya mshiriki, na mtu ausikilize kama hauna matusi. Ikifika jioni, mtu wa sauti asiwe na kazi ya kutafuta kitu.

MWANAIDI: Swali la mwisho, limetumwa na msikilizaji ambaye shirikisho lao linafikiria kuomba uenyeji. Anauliza waanze na nini, ukumbi au wadhamini?

KHERI: Waanze na mashindano ya kanda, timu 5 au 6, ukumbi mdogo. Na kabla ya hapo watume watu wao watatu wakafanye kazi ya kujitolea kwenye ubingwa wa wenzao: mmoja usajili, mmoja nyuma ya jukwaa, mmoja chumba cha vipimo. Wasikae jukwaa la heshima.

MWANAIDI: Umemsikia, ndugu msikilizaji. Wiki ijayo tunaye jaji wa kike, atatueleza anaangalia nini kwenye pozi la mgongo. Kaka Kheri, asante.

KHERI: Asante, dada.