Nyumba na Ukuaji wa Mjusi wa Ulimi wa Buluu

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mnaokusudia kufuga mjusi wa ulimi wa buluu mmeuliza kwanza kuhusu chakula. Naomba tuanze na nyumba, kwa sababu chakula kizuri ndani ya nyumba yenye baridi hakimkuzi mjusi huyu: hukaa tumboni bila kusagika.

Yeye ni wa jenasi ya Tiliqua, jamaa wa mjusi islamu tunayemjua pwani, na kwao ni Australia, Guinea Mpya na visiwa vya Indonesia. Hatagi mayai, bali huzaa watoto ambao hujitegemea tangu siku ya kwanza. Mtoto wa aina ya mashariki ya Australia huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 14 hivi, na akitunzwa vyema hukaribia urefu wake kamili, yaani sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia, katika muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baada ya hapo huweza kuishi hata miaka 20.

Kwa hiyo kizimba kijengwe tangu mwanzo kwa kipimo cha mjusi mkubwa: urefu usiopungua sentimita 120 na upana wa 60. Wapo wanaoshauri mtoto awekwe mahali padogo asije akaogopa. Hofu hiyo ipo kweli, lakini kinachoiondoa ni maficho, kama vile magome ya miti na tabaka nene la makumbi yaliyosagwa ambamo atajifukia, wala si ufinyu wa nyumba.

Urefu huo una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Mjusi hurekebisha joto la mwili wake kwa kuhama, hivyo chini ya taa pafike nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, na upande wa pili pabaki kati ya 24 na 27. Katika kizimba kifupi joto huenea kote, naye hukosa pa kukimbilia. Wekeni kipimajoto kila upande, na msitumie mawe yanayopashwa moto kwa umeme, maana humwunguza tumbo. Aidha, awekewe taa ya mionzi ya urujuanimno, inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 na kupeleka kalisiamu mifupani. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo, na mtoto anayekua kwa kasi ndiye anayelainika taya na kupinda miguu mapema.

Ulizeni pia mjusi wenu ni wa aina gani. Wale wa Indonesia huhitaji unyevu wa asilimia 60 hadi 80, ilhali wa kaskazini mwa Australia huridhika na hewa kavu zaidi. Unyevu ukipungua mno, gamba kuukuu hubaki vidoleni, likakaza na kuzuia damu hata kidole kikatike.

Kila mjusi akae peke yake, kwa kuwa huumana vibaya. Jike na dume hukutanishwa kwa ajili ya kupandana tu, tena chini ya uangalizi. Mtoto hulishwa kila siku au siku moja baada ya nyingine, kwa wadudu, konokono, nyama na mboga za majani, pasipo parachichi. Mpimeni uzito kila mwezi, na uzito ukikoma kupanda kwa sababu amekwisha kukua, mlo upunguzwe hadi mara mbili kwa wiki, mboga zikizidi nyama.