Mwacheni Mtoto Amalize Hadithi

Mwadila! Asanteni. Walimu wangu, wazazi, na nyie vijana mliokuja kuuliza mtu anaishije kwa kuandikia watoto: nitafika huko. Kwanza nina ugomvi wangu wa siku zote, na hii tabia ya kudai kila hadithi ya mtoto iwe na funzo. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka.

Kuna shule moja huko visiwa vya ziwani, siitaji. Niliwasomea darasa la sita hadithi ya kijana anayetoroka usiku na wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka nani atahangaika na karabai? Nikafika pale taa inapozima katikati ya ziwa, upepo umeshaanza, mwalo wanakotia mitumbwi hauonekani. Mtoto mmoja akaropoka, "Mafuta yameisha!" Mwenzake, "Mafuta wapi, hawakuipiga pampu!" Ubishi ukawaka darasa zima. Wa nyuma wakasimama juu ya madawati. Mimi nimefunga kitabu, nawasikiliza, raha tupu.

Ndipo mwalimu wao, mtu mwema kabisa, akainuka. "Nyamazeni. Haya, hadithi inatufundisha nini?" Kimya. Kiranja akanyoosha mkono: "Inatufundisha tuwatii wazazi wetu." "Mpigieni makofi matatu!" Pa, pa, pa. Kengele ikalia. Hadithi sikuwa nimeimaliza! Kijana yuko majini mpaka leo, na hakuna aliyeuliza tena.

Mtaniambia, mbona hadithi za bibi zetu zilikuwa na mafunzo? Zipi hizo? Sungura anaiba, anamsingizia fisi, fisi anapigwa, sungura anaondoka zake akicheka. Nitajieni funzo hapo, mwalimu. Na bibi hakukatisha hadithi aulize maswali ya ufahamu. Aliyesinzia alisinzia.

"Lakini watoto wataharibika." Hayo nayo ni ya zamani. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe hapo ng'ambo, ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye shule hizo hizo zikaisomesha. Hao walioizuia walikuwa wakiwalinda akina nani, na dhidi ya nini?

Sasa nyie vijana. Taabu ya kazi yetu ni kwamba msomaji hana hela. Anayenunua ni mzazi au mwalimu mkuu, naye anafungua ukurasa wa mwisho kutafuta mawaidha. Basi mwandishi anamwandikia mnunuzi, mtoto anapewa hotuba. Mkikubali hilo mtauza vitabu kiasi, lakini watoto hawatawasoma wakiwa hawajalazimishwa.

Subira pia. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe huko huko, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, 1980, na 1981 akafariki. Siwaombei hayo hata kidogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wachoraji nilitaka kuwasemea, basi tena. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila kitabu kinachouzwa: ukiambiwa asilimia 10, uliza ni asilimia 10 ya nini, bei ya dukani au kile kinachomfikia mchapishaji, maana tofauti yake ni kubwa. Hakimiliki kwa sheria yetu inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake, kwa hiyo usiigawe kwa bahasha ya hela za siku moja. Mwenye mkataba kwenye mkoba asiutie sahihi, aje nao hapa mbele tuusome wote.