Mezani kwa Archie Bunker, Krismasi ya 1976

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vichekesho vya runinga na ugomvi wa familia siku za sikukuu. Vipindi vya namna hiyo ni vingi mno. Leo naomba tukae na kimoja tu, tena zaidi na dakika zake chache za mwisho.

Kichekesho hicho, All in the Family, kilianza kuonyeshwa na kituo cha runinga cha CBS cha Marekani Januari 1971. Mtayarishaji wake, Norman Lear, alikichota kutoka kipindi cha Uingereza akakipeleka Queens, New York, nyumbani kwa Archie Bunker: msimamizi wa wapakia mizigo, mdomo mkali, mwenye chuki na karibu kila asiyefanana naye. Mkwewe Mike ni msomi na mpinga vita. Wawili hao hawawezi kukaa sebuleni kwa amani, na mama wa watu, Edith, mkewe Archie, kazi yake ni kupita katikati akipoza. Kwa misimu mitano mfululizo hapakuwa na kipindi kilichotazamwa zaidi yake Marekani.

Sasa twende Desemba 25, 1976. Ndiyo, sehemu ninayoizungumzia ilirushwa siku ya Krismasi yenyewe, watu wakiwa majumbani na jamaa zao. Vita vya Vietnam vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, vikiwa vimeua Wamarekani zaidi ya 58,000. Na kulikuwa na maelfu ya vijana waliokwepa kuandikishwa jeshini kwa lazima wakakimbilia Kanada. Kurudi kwao kulikuwa ni kujitia mikononi mwa polisi.

Kijana mmoja wa namna hiyo, David, rafiki wa Mike, amekuja kula Krismasi kwa Bunker. Archie hajui habari zake. Naye Archie amemwalika rafiki yake wa siku nyingi, Pinky, ambaye mwanawe Steve aliuawa Vietnam. Waandishi wamewaketisha hao wawili meza moja.

Siri inatoka wakati wa kula, na David mwenyewe ndiye anayeitamka. Archie anawaka. Mike naye anajibu mapigo. Hapa naomba mniangalizie jambo moja: waandishi hawakumfanya Archie kikaragosi. Anatoa hoja nzito kwa lugha yake iliyopinda, kwamba ukiwauliza watu kama wanataka kwenda vitani hakuna atakayekubali, maana nani anataka kuuawa? Ndiyo sababu, anasema, uamuzi huo wameachiwa wabunge. Mnaweza kumpinga, na mimi nampinga, lakini hamwezi kusema hana hoja. Kelele zile zina hofu ndani yake, hofu ya mtu aliyeitii nchi yake maisha yote na sasa anaambiwa huenda utii ule ulikuwa bure.

Kisha Archie anafanya kitu ambacho ndicho kilichonileta hapa. Anamgeukia mfiwa. Anataka Pinky aseme, maana nani ana haki ya kusema kuliko baba aliyezika mtoto? Nasema bila kumung'unya: Archie anauchukua msiba wa mwenzake anaufanya rungu la kumpigia mtu mwingine. Hili tunalifanya sana. Kwenye vikao vya ukoo, hata sikukuu, utasikia mtu akimtaja marehemu ili kushinda ubishi ambao marehemu hakuwamo.

Pinky anakataa kuwa rungu. Anasema mwanawe naye aliichukia vita hiyo, lakini alifanya aliloona ni wajibu wake, na David vilevile. Tofauti ni kwamba David yuko hai, anaweza kula Krismasi pamoja nao. Steve angekuwepo, angependa kuketi naye. Kisha anampa David mkono.

Hakusema vita vilikuwa haki, wala hakusema vilikuwa dhuluma. Ubishi ule hakuuamua hata kidogo. Alichoamua ni nani anakaa mezani, na uamuzi huo ulikuwa wake kuliko wa mtu yeyote mle ndani, kwa sababu gharama aliilipa yeye. Archie hakubaliani naye. Anabaki na donge lake, na waandishi wanamwachia. Hawakumbebesha toba ya dakika ya mwisho, na nawaheshimu sana kwa hilo. Vichekesho vingi vya Krismasi hulazimisha kukumbatiana, na mtazamaji anajua kuwa kesho watu wale wale watarudia pale pale.

Wiki nne baadaye, Januari 21, 1977, Rais Jimmy Carter aliwasamehe waliokwepa kuandikishwa. Alikuwa ameliahidi kwenye kampeni, kwa hiyo sisemi runinga ndiyo iliyomsukuma. Nasema tu kwamba nchi nzima ilikuwa inakabiliwa na swali lile lile la mezani kwa Archie, na wengi walikataa kusamehe, kama yeye.

Basi tuitazame sehemu hiyo pamoja. Carroll O'Connor anaigiza Archie kwa nguvu nyingi na macho yatataka kubaki kwake. Nawaomba mmwangalie Pinky tangu siri inapotoka, kabla hajasema lolote, halafu tutajadili.